Kuipandisha tovuti kwenye matokeo ya Google: anza na kurasa ulizonazo

Kabla hujaandika makala mpya hata moja, fungua Google uandike site: ikifuatwa na anwani ya tovuti yako bila kuacha nafasi katikati, kama hivi: site:example.com. Zitakazojitokeza ni kurasa ambazo Google inazijua na imezihifadhi kwenye faharasa yake, yaani orodha ya kurasa inazotafuta humo majibu. Kama tovuti ina kurasa 80 na unaona 6, acha kwanza habari za maneno muhimu na viungo. Ukurasa usiokuwemo kwenye faharasa haushiki nafasi yoyote, hata ya mia. Idadi inayoonekana hapo ni ya makadirio, basi ichukue kama dalili tu. Hesabu ya kuaminika iko kwenye Search Console, chombo cha Google kwa wenye tovuti.

Injini ya utafutaji hufanya kazi kwa hatua tatu zinazofuatana. Roboti yake, kwa Google inaitwa Googlebot, hufuata viungo na kupakua kurasa. Kisha kilichopakuliwa huchambuliwa, na hapo huamuliwa kama kinastahili kuingia kwenye faharasa. Mwisho, mtu anapotafuta jambo, kurasa zilizomo hulinganishwa na kupangwa. Mwenye tovuti aliyekwama hatua ya kwanza lakini anahangaika na ya tatu anatwanga maji kwenye kinu, na hilo ndilo kosa linalokula muda wa watu wengi zaidi kuliko jingine lolote. Mpangilio wa mwongozo huu unafuata hatua hizo kwa makusudi.

Sajili tovuti Search Console

Google Search Console ni ya bure, na hakuna chombo kingine kinachokupa moja kwa moja kutoka Google maneno ambayo watu waliandika hadi ukurasa wako ukaonekana. Baada ya kujisajili utatakiwa kuthibitisha kuwa tovuti ni yako. Njia bora ni rekodi ya TXT, mstari wa maandishi unaowekwa kwenye mipangilio ya DNS (mfumo unaounganisha jina la tovuti na seva yake) ya kikoa, yaani jina la tovuti, kwa kuwa inashika kila kitu kwa pamoja: anwani yenye www na isiyo nayo, http na https, na vikoa vidogo vyote. Ukithibitisha kwa kupakia faili ya HTML unapata anwani ileile moja uliyoitaja, na huenda nusu ya data zako zikabaki upande usiouona. Rekodi ya DNS wakati mwingine husambaa kwa dakika chache, wakati mwingine kwa siku moja au mbili. Ikikataliwa mara ya kwanza, iache palepale ujaribu tena baadaye. Hata ikikubaliwa usiifute, kwa sababu Google hurudi kuikagua.

Usichelewe kusajili. Search Console huhifadhi taarifa za utafutaji za miezi 16 tu, na siku utakayotaka kulinganisha msimu huu na wa mwaka uliopita ndipo utakapojua thamani ya kuanza mapema. Ukimaliza, sajili pia Bing Webmaster Tools. Inaweza kuchukua tovuti zako kutoka Search Console yenyewe, kwa hiyo ni kazi ya dakika chache.

Halafu wasilisha ramani ya tovuti, ile faili ya XML inayoorodhesha anwani za kurasa zako. Faili moja hubeba anwani zisizozidi 50,000 na uzito usiozidi MB 50 kabla ya kubanwa. Weka humo tu kurasa unazotaka zionekane, zinazofunguka bila kuelekezwa kwingine. Google haizingatii sehemu za priority na changefreq, kwa hiyo usipoteze muda kuzipanga. Inachozingatia ni lastmod, tarehe ya badiliko la mwisho, na hiyo pia kwa sharti kwamba ni ya kweli. Baadhi ya mifumo hubadilisha lastmod ya kurasa zote kila usiku hata kama hakuna herufi iliyoguswa. Google ikishazoea kuona tarehe za uongo huacha kuziamini, na siku ukirekebisha ukurasa kweli taarifa yako haisikiki.

Ukurasa haumo kwenye faharasa: tafuta sababu

Search Console ina ripoti ya kurasa zilizoingia kwenye faharasa na zilizoachwa, kila kundi likiwa na sababu yake. Ina pia kisanduku cha kukagua anwani moja moja. Tumia vyote viwili kwa pamoja: ripoti ikuonyeshe tatizo ni la kurasa ngapi, kisanduku kikuonyeshe Googlebot iliona nini hasa.

Anza na noindex. Ni agizo linalokaa kwenye kichwa cha msimbo wa ukurasa na kuziambia injini zisiuhifadhi. Mafundi huliweka tovuti inapojengwa, kisha husahaulika. Kwenye WordPress, katika mipangilio ya usomaji, kuna kisanduku cha tiki cha kuzuia injini za utafutaji. Tiki hiyo moja ikibaki, tovuti nzima hupotea. Fungua msimbo wa ukurasa kwenye kivinjari utafute neno noindex. Usipoliona, bado hujamaliza, kwa sababu agizo hilohilo linaweza kutumwa na seva kupitia kichwa cha HTTP kiitwacho X-Robots-Tag, na hicho hakionekani ndani ya ukurasa. Kisanduku cha kukagua anwani kitakionyesha.

Linalofuata ni robots.txt, faili inayokaa kwenye mzizi wa tovuti. Mistari miwili, User-agent: * na chini yake Disallow: /, inatosha kuifungia milango tovuti yote. Hapa pana mkanganyiko unaowaponza hata mafundi wazoefu. Robots.txt huzuia ukurasa usipakuliwe, na noindex huzuia usihifadhiwe. Ukiviweka vyote viwili kwenye ukurasa mmoja, Googlebot haitaweza kuufungua ili kulisoma hilo agizo la noindex, na anwani yake inaweza kuendelea kujitokeza kwenye matokeo ikiwa haina maelezo. Unapotaka kuuondoa ukurasa, ufungulie kwenye robots.txt, weka noindex, kisha subiri roboti ipite. Hakikisha pia hujazuia mafolda ya CSS na JavaScript (faili za mwonekano na za utendaji wa ukurasa), kwa kuwa Google huuchora ukurasa kama kivinjari kinavyofanya, na bila faili hizo huona magofu.

Kuna hali mbili kwenye ripoti zinazofanana kwa jina lakini tiba zake ni mbalimbali. Ya kwanza inasema anwani imegunduliwa ila haijapakuliwa. Hapo Google inajua ukurasa upo na haijaona haja ya kuufuata. Sababu za kawaida ni seva nzito, ukurasa usiounganishwa na kurasa nyingine, au tovuti inayozalisha maelfu ya anwani zisizo na maana kwa vichujio, kalenda na lebo hadi roboti inachoka kabla ya kufika panapofaa. Ya pili inasema ukurasa umepakuliwa ila haukuhifadhiwa. Hii ni hukumu juu ya maudhui: Google imesoma, ikaona ni mafupi mno au yanarudia yaliyopo kwingine. Kubonyeza ombi la kuhifadhiwa kila asubuhi hakusaidii, na maombi hayo yana kikomo kwa siku. Kinachosaidia ni kuunganisha kurasa tatu dhaifu zinazozungumzia jambo moja ziwe ukurasa mmoja uliokamilika.

Nakala nazo huleta shida kimyakimya. Ukurasa mmoja unaweza kufunguka kwa http na https, kwa www na bila www, kwa mkwaju mwishoni na bila mkwaju, na pamoja na mikia ya matangazo inayoanza na alama ya kuuliza. Kwa macho yako ni ukurasa mmoja, kwa roboti ni anwani nane au zaidi. Chagua sura moja, ya https, elekeza nyingine zote kwake kwa uelekezaji wa kudumu wa 301, na kila ukurasa uwe na kiungo cha canonical kinachotaja anwani yake rasmi. Canonical ni pendekezo, si amri. Ukikagua anwani, Search Console itakuonyesha uliyoipendekeza wewe na iliyochaguliwa na Google. Zikitofautiana, mara nyingi viungo vya ndani ya tovuti yako vinaelekeza kwenye anwani isiyo rasmi.

Kwa tovuti zinazojengwa kwa JavaScript kumbuka mambo mawili. Googlebot haibofyi vitufe, kwa hiyo maandishi yanayopakuliwa baada tu ya mtu kubofya hayatasomwa. Tena hufuata viungo vilivyoandikwa kwa tagi ya a yenye href. Kitufe kinachompeleka msomaji ukurasa mwingine kwa msimbo pekee, kwa roboti ni ukuta.

Kurasa za nafasi ya 5 hadi 20 ndizo zenye faida ya haraka

Ukurasa ulio nafasi ya 60 unahitaji kujengwa upya. Ukurasa ulio nafasi ya 2 umebakiza nafasi moja tu ya kupanda. Kati ya hapo kuna kurasa ambazo Google imeshazikubali kuwa zinahusiana na swali ila zimezidiwa kidogo, na hizi ndizo zinazolipa jasho lako kuliko makala yoyote mpya. Utazipata hivi.

1. Fungua ripoti ya utendaji, chagua miezi 3, na washa vipimo vyote vinne: mibofyo, mionekano, kiwango cha mibofyo na wastani wa nafasi.
2. Nenda kwenye orodha ya kurasa, si ya maneno. Ukurasa mmoja huonekana kwa maswali mengi, na ukianzia kwenye neno moja utaurekebisha kwa ajili ya swali moja na kuyaacha mengine.
3. Chagua ukurasa wenye mionekano mingi na nafasi kati ya 5 na 20. Ubofye, kisha hamia kwenye orodha ya maneno ili uone maswali ya ukurasa huo peke yake.
4. Soma ukurasa wako mbele ya orodha hiyo. Weka alama kwenye kila swali ambalo ukurasa haulijibu, au unaligusa kwa sentensi moja tu.
5. Fungua dirisha la faragha la kivinjari, tafuta maswali mawili matatu makubwa, na usome matokeo matano ya juu kwa makini.
6. Rekebisha, andika tarehe na ulichobadilisha, na usiuguse tena ukurasa kwa wiki 4 hadi 6. Linganisha idadi sawa ya siku kabla na baada.

Hatua ya tano ndiyo inayorukwa, nayo ndiyo yenye jibu. Kama matokeo ya juu yote ni maelekezo ya hatua kwa hatua na wako ni ukurasa wa kuuza bidhaa, anayetafuta anataka kufundishwa, na hakuna marekebisho ya maneno yatakayoupandisha ukurasa wa mauzo. Andika ukurasa wa maelekezo, kisha kutoka huko unganisha kwenye bidhaa.

Chukua mfano wa ukurasa wa matengenezo ya breki za baiskeli ulio nafasi ya 11. Orodha ya maneno inaonyesha watu wanauliza kwa nini breki zinapiga kelele, na ukurasa unasema tu kwamba kelele huashiria hitilafu. Jibu la namna hiyo halimfai mtu. Weka kichwa kidogo chenye swali lenyewe, na sentensi ya kwanza chini yake iwe jibu: kelele hutokana na mafuta kwenye rimu, pedi zilizong'aa kwa uchakavu, au pedi inayogusa rimu yote kwa wakati mmoja. Kisha eleza tiba: futa rimu kwa spiriti, sugua uso wa pedi kwa msasa, na ilaze pedi ili ncha yake ya mbele itangulie kugusa rimu kwa takriban milimita 1. Aya hiyo moja ina vitu ambavyo msomaji anaweza kwenda kuvifanya, na ndivyo vinavyoutofautisha ukurasa wako na ule uliojaza maneno mia tano ya utangulizi. Urefu wenyewe hauna alama. Google haina idadi ya maneno inayoitaka.

Jihadhari na wastani wa nafasi. Ukiongeza maelezo mazuri, ukurasa huanza kuonekana kwa maswali mapya, na mara nyingi huanza nyuma, nafasi ya 50 au 70. Wastani unashuka ilhali mibofyo inaongezeka. Aliyeangalia wastani pekee atadhani ameharibu na kurudisha maandishi ya zamani. Vilevile nafasi ya 8 inaweza kuwa mchanganyiko wa nafasi ya 3 katika nchi moja na ya 30 katika nyingine. Tenganisha kwa nchi na kwa aina ya kifaa kabla ya kutoa uamuzi.

Kagua pia kama kurasa zako mbili zinagombania swali moja. Chuja kwa neno husika, kisha tazama orodha ya kurasa. Ukiona mbili zinapokezana, chagua yenye mibofyo na viungo zaidi, hamishia humo yale mazuri ya mwenzake, na ielekeze ile nyingine kwa 301.

Kichwa, maelezo na lugha ya mtafutaji

Kichwa kilicho kwenye tagi ya title ndicho maandishi machache yenye uzito kuliko yote kwenye ukurasa, na ndicho mtu anachokisoma kabla ya kuamua kubofya. Herufi 50 hadi 60 kwa kawaida huonekana bila kukatwa. Kikomo halisi ni upana wa maandishi kwenye skrini, ndiyo maana vichwa vyenye herufi kubwa tupu hukatwa mapema. Tanguliza jambo lenyewe, jina la tovuti lije mwisho. Kichwa kisemacho "Nyumbani" au "Huduma zetu" kimetupwa bure. Google huweza kukibadilisha kichwa chako kwenye matokeo, hasa ukikijaza maneno yanayorudiarudia, ukitumia kichwa kimoja kwa kurasa nyingi, au kikipingana na kichwa kikuu kilichomo ndani.

Maelezo mafupi ya ukurasa, yaani meta description, hayapandishi nafasi. Kazi yake ni kumshawishi mtu abofye. Andika sentensi moja au mbili, herufi kama 150, zinazotaja atakachokipata. Tagi ya keywords iache tupu: Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo.

Kuhusu lugha, watu hawatafuti kwa lugha ya insha. Mmoja ataandika "jinsi ya", mwingine "namna ya", wa tatu ataandika "tovuti" na wa nne "website" katikati ya sentensi ya Kiswahili. Usitengeneze ukurasa kwa kila tahajia. Andika kwa Kiswahili cha kawaida, na pale neno la kigeni linapotumiwa na wengi litaje mara moja mbili kwenye maandishi yenyewe. Orodha ya maneno ya Search Console itakuambia lipi linatumika kweli.

Tovuti ya lugha mbili inahitaji anwani tofauti kwa kila lugha, na tagi za hreflang (zinazoieleza Google lugha ya kila ukurasa) zinazotajana pande zote mbili: ukurasa wa sw utaje wa en, na wa en utaje wa sw. Upande mmoja ukikosa, Google huipuuza jozi hiyo. Usimwelekeze mgeni kwa nguvu kulingana na nchi ya anwani yake ya IP. Googlebot hutembelea zaidi kwa anwani za Marekani, na itaishia kuiona lugha moja tu.

Viungo vya ndani na vya nje

Viungo vya ndani viko mikononi mwako kabisa, na bado ndivyo vinavyopuuzwa. Tafuta kurasa zako tano zenye viungo vingi kutoka nje, Search Console inaziorodhesha, kisha kutoka humo unganisha kwenye zile za nafasi ya 5 hadi 20 zinazohusiana nazo. Maneno ya kiungo yataje kilichoko upande wa pili. "Bofya hapa" hakimwambii chochote msomaji wala roboti. Ukurasa muhimu uwe ndani ya mibofyo mitatu kutoka ukurasa wa mwanzo. Ukurasa yatima, usiounganishwa na wowote isipokuwa ramani ya tovuti, huonekana kuwa hata mwenyewe huuthamini.

Viungo vya nje vimekuwa moyo wa Google tangu Larry Page na Sergey Brin walipoeleza PageRank mwaka 1998: tovuti inayokutaja kwa kiungo imekupigia kura, na kura ya tovuti yenye heshima ina uzito zaidi. Ndiyo maana biashara ya kuviuza ilistawi, na ndiyo maana Google ilileta Penguin mwaka 2012 kupambana na viungo vya hila. Usinunue viungo. Ukilipia tangazo lenye kiungo, kiwekewe alama ya sponsored. Viungo vya wachangiaji vina alama ya ugc. Zote mbili ziliongezwa mwaka 2019 kando ya nofollow, alama ya kuiomba Google isikihesabu kiungo kama kura, iliyokuwepo tangu 2005.

Njia halali huenda polepole. Tengeneza kitu ambacho mwandishi mwingine atahitaji kukitaja: jedwali la vipimo ulivyopima mwenyewe, kikokotoo, picha za hatua zote za kazi. Kabla ya hapo kuna viungo ambavyo tayari ni vyako na umevipoteza. Kwenye ripoti ya kurasa tazama anwani zinazotoa 404, yaani ukurasa haupo, na kila iliyo na viungo kutoka nje ielekeze kwa 301 kwenye ukurasa wa jambo lilelile. Tafuta pia jina la tovuti yako, na panapotajwa bila kiungo mwandikie mhariri kumwomba akiongeze. Ukiona viungo vya ajabu vinakuelekea kutoka tovuti za takataka, viache. Chombo cha Google cha kuvikana (disavow) ni kwa aliyepewa adhabu ya viungo au anayeiona inakuja kwa sababu ya viungo alivyonunua zamani. Wengine wamekitumia wakajikata viungo vyao vizuri.

Kasi, simu na alama za muundo

Google hupima hali ya ukurasa kwa vipimo vitatu. LCP ni muda hadi kitu kikubwa kuliko vyote kionekane, na usizidi sekunde 2.5. INP ni ucheleweshaji mtu anapogusa au kubofya, usizidi milisekunde 200. Ilichukua nafasi ya kipimo cha zamani, FID, Machi 2024. CLS ni kuyumba kwa ukurasa unapofunguka, kusizidi 0.1. Hesabu huchukuliwa kwa asilimia 75 ya ziara, maana yake robo tatu ya wageni wako wapate hali hiyo au bora zaidi.

PageSpeed Insights, chombo cha Google cha kupima kasi, huonyesha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Juu kuna data za watumiaji halisi za siku 28, na hizo ndizo zenye maana. Chini kuna jaribio la kuigiza lenye alama hadi 100, linalofaa kutafuta kosa lilipo. Kwa vile data za juu ni za siku 28, ukirekebisha leo usitegemee zibadilike kesho.

Picha ndizo zinazoanza kurekebishwa. Picha iliyotoka kwenye kamera ikiwa na upana wa pikseli 4,000 ipunguzwe hadi upana inaoonyeshwa, kwa makala mara nyingi 1,200 inatosha, na ihifadhiwe kwa WebP au AVIF, miundo ya picha nyepesi. Kila picha iwe na width na height kwenye msimbo, ili kivinjari kiitengee nafasi na maandishi yasiruke. Tangazo nalo litengewe nafasi yake mapema. Kosa la kawaida sana ni kuweka loading="lazy", agizo la kuchelewesha picha hadi ikaribie kuonekana, kwenye picha zote. Picha ya kwanza, ile ya juu kabisa, ikicheleweshwa LCP inaharibika papo hapo. Baada ya picha, punguza plagini na misimbo ya watu wa nje. Kama seva yenyewe inachukua zaidi ya sekunde 0.8 kuanza kujibu, washa akiba ya kurasa (cache) au hamia kwenye seva bora.

Google huhifadhi sura ya simu ya tovuti yako. Kilichoondolewa kwenye sura ya simu kimeondolewa kabisa. Na kasi, kwa umuhimu wake wote, huamua kati ya kurasa zinazokaribiana. Ukurasa mwepesi usiojibu swali hautaushinda ulio mzito kidogo unaolijibu.

Alama za muundo za schema.org, yaani maelezo yaliyopangwa ndani ya msimbo, zikiandikwa kwa muundo wa JSON-LD, huisaidia Google kutambua bidhaa, makala au tukio, na zinaweza kuleta mwonekano wa ziada kwenye matokeo. Alama itaje tu kilichomo kwenye ukurasa. Za maswali na majibu na za maelekezo usizihangaikie kwa ajili ya Google: mwaka 2023 mwonekano wa kwanza ulibanwa kwa tovuti chache, na wa pili ukaondolewa.

Wageni wakipungua ghafla

Tazama mionekano na mibofyo kwa pamoja. Mionekano ikibaki palepale na mibofyo ikishuka bila nafasi kubadilika, ukurasa wa matokeo ndio umebadilika: pengine kuna muhtasari wa akili bandia, video au matangazo juu yako. Tafuta swali lenyewe uone. Hapo maswali mepesi yenye jibu la mstari mmoja yameshapotea, elekeza nguvu kwenye yale yanayohitaji vipimo, picha au ulinganisho.

Vyote viwili vikidondoka usiku mmoja, shuku hitilafu. Kagua noindex, robots.txt, makosa ya seva ya 500 na kuendelea, kisha ripoti za adhabu na usalama. Tovuti ikifungwa kwa matengenezo itoe 503 (huduma imesimama kwa muda), si ukurasa wa 200 (kila kitu sawa) unaosema "tutarudi". Kama ulihamisha anwani hivi karibuni, hakikisha kila ya zamani imeelekezwa kwa 301 kwenye ya jambo lilelile. Kuzimwaga zote kwenye ukurasa wa mwanzo huhesabiwa kama 404, na viungo vyake hupotea nazo. Acha uelekezaji huo ukae angalau mwaka mzima.

Vikishuka polepole kwa wiki kadhaa, linganisha na kipindi kilekile cha mwaka uliopita ili uondoe suala la msimu. Kisha angalia kama kuna sasisho kuu la Google, ambalo hutangazwa kwenye ukurasa wake wa hali ya huduma za utafutaji. Usirekebishe kitu wakati sasisho bado linasambaa. Subiri limalizike, ongeza wiki moja kamili, na ulinganishe wiki hiyo na ile iliyotangulia kuanza kwake, ukurasa kwa ukurasa. Zilizoshuka kutoka nafasi ya 2 hadi 4 ziache. Zilizoshuka kutoka 4 hadi 29 zisome tena mbele ya zile zilizozipita, kuanzia na ile iliyokuwa ikileta wageni wengi zaidi.